Weka Kipanya Pembeni: Namna ya Kuitambua Tovuti Fikivu na Kuitia Moyo

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye tovuti methali hii haifanyi kazi. Chukua tovuti mbili: moja asiyeona anaitumia mwanzo hadi mwisho bila kuomba msaada wa mtu, nyingine inamkwamisha kwenye ukurasa wa pili. Zifungue kwenye skrini mbili zilizo jirani na huenda macho yako yasione tofauti yoyote. Picha zimepangwa vilevile, rangi zimelingana, vitufe vinang'aa sawasawa. Tofauti imejificha kwenye msimbo, nayo haijitokezi mpaka mtu ajaribu kufanya kazi bila kipanya, bila macho, bila sauti, au kwa maandishi yaliyokuzwa mara nne.

Kwa hiyo anayetaka kuisifu tovuti fikivu, awe jaji wa mashindano, ofisa manunuzi, mwalimu wa chuo au mtumiaji tu, lazima kwanza ajue kuipima. Jaji anayeletewa picha za skrini atapima urembo. Sifa itakwenda kwa aliyebandika nembo, na yule aliyekesha akipanga vichwa na lebo za fomu ataonekana hana jipya.

Kipimo chenyewe

Kipimo kinachotumika karibu kila mahali kinaitwa WCAG, miongozo ya W3C, shirika linalosimamia viwango vya wavuti. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1999, la 2.0 mwaka 2008, la 2.1 mwaka 2018 na la 2.2 Oktoba 2023. Hilo la mwisho lina vigezo 86 katika ngazi tatu. Ngazi ya A ni msingi: kikikosekana kigezo cha hapo, kuna mtu anayezuiwa kabisa. AA ndiyo inayotajwa kwenye sheria na mikataba mingi. A na AA kwa pamoja zina vigezo 55. AAA ni ya juu, na W3C wenyewe hawashauri ifanywe sharti la tovuti nzima, maana yapo maudhui yasiyoweza kutimiza vigezo vyake vyote.

Nyuma ya vigezo hivyo kuna maswali manne tu. Je, mtu anaweza kukipata kilichoandikwa kwa hisi alizonazo? Je, anaweza kukitumia kwa kifaa alichonacho? Je, anakielewa? Na je, vivinjari na programu saidizi zinakisoma sawasawa? Usihangaike kukariri vigezo. Robo saa ya majaribio yafuatayo itakuambia mengi.

Tab, Tab, Tab

Fungua ukurasa kwenye kompyuta, sukuma kipanya pembeni, kisha bonyeza kitufe cha Tab. Kila ukibonyeza unahamia kwenye kiungo, kitufe au kisanduku kinachofuata. Shift pamoja na Tab hukurudisha nyuma, Enter hufungua kiungo, upau wa nafasi hubonyeza kitufe au kuweka tiki, mishale huchagua ndani ya orodha, Esc hufunga dirisha dogo lililojitokeza. Hivi ndivyo anavyofanya kazi mtu ambaye mikono yake inatetemeka au anayetumia swichi moja badala ya vidole kumi, na programu nyingi saidizi hupita njia hiyohiyo.

La kwanza la kuangalia: unaona ulipo? Kivinjari chenyewe huchora fremu kuzunguka kitu kilichochaguliwa. Wabunifu wengi huifuta kwa mstari mmoja wa CSS (lugha inayopanga mwonekano wa ukurasa), `outline: none`, kwa kuwa mteja alilalamika kwamba kila akibofya kitufe kunatokea duara la bluu. Matokeo yake, mtumiaji wa kibodi anatembea gizani. Mbunifu anayejua kazi yake hutumia `:focus-visible`, ambayo kwa kawaida huonyesha fremu ya kitufe kwa mwenye kibodi na kumwacha mwenye kipanya na kitufe chake safi. Ukiona fremu nene, yenye rangi inayojitenga na mandhari, jua kuna mtu aliyekaa akafikiri.

La pili: unafika kila mahali panapofikiwa na kipanya? Kinachovuruga hapa mara nyingi ni kitufe bandia. Msanidi anachukua `<div>`, kasha tupu la msimbo, anaipaka rangi ifanane na kitufe, anaifunga na kitendo cha kubofya. Kwa jicho ni kitufe. Kwa kibodi hakipo, na kisoma skrini, programu inayomsomea asiyeona kilichopo kwenye skrini, hakitamki neno «kitufe». Angeandika `<button>` angepata yote hayo bure. Kosa lililo jirani na hilo ni menyu inayofunguka kwa kupitisha kipanya juu yake tu.

La tatu: ukiingia unatoka? Kuna madirisha ya matangazo na kalenda za kuchagua tarehe ambazo zikimmeza mtumiaji wa kibodi hazimtemi. Huo ni mtego uliokatazwa tangu ngazi ya A, kwa hiyo tovuti yenye mtego wa namna hiyo haifai kupewa tuzo yoyote hata kama mengine yote ni dhahabu.

Ukibonyeza Tab mara ya kwanza kabisa huenda kikajitokeza kiungo kilichokuwa kimefichwa, «Ruka hadi maudhui». Ni dalili njema, humwokoa mtu asipite viungo thelathini vya menyu katika kila ukurasa. Lakini kibonyeze. Kiolezo kikibadilishwa, kiungo hicho huachwa kikielekea mahali pasipokuwapo tena.

Kuza, kisha punguza dirisha

Bonyeza Ctrl na alama ya kujumlisha mpaka ukurasa ufike asilimia 200. Maandishi yote yabaki yanasomeka, hakuna lililokatwa wala lililopanda juu ya jingine. Kisha nenda hadi asilimia 400 kwenye dirisha lenye upana wa pikseli 1280: sasa ukurasa umekuwa kama skrini ya pikseli 320, upana wa simu ndogo. Maudhui yanatakiwa yajipange safu moja, usome kwa kushuka chini tu bila kuvuta kushoto na kulia kwa kila mstari. Ramani na majedwali makubwa vina ruhusa ya kuvutwa, aya za habari hazina.

Kwenye simu, jaribu kukuza kwa vidole viwili. Ikigoma, kuna uwezekano mkubwa kwamba msanidi ameandika `user-scalable=no` au `maximum-scale=1` kwenye kichwa cha ukurasa. Ni mstari unaonakiliwa kutoka mradi mmoja kwenda mwingine bila mtu kuuliza unafanya nini. Kuufuta ni kazi ya nusu dakika.

Vitufe navyo vina kipimo: toleo la 2.2 linataka eneo la kugusa lisipungue pikseli 24 kwa 24, au liwe na nafasi ya kutosha kulizunguka. AAA inataka 44 kwa 44. Kialama cha X cha kufunga tangazo ndicho kinachoanguka mtihani huu mara kwa mara, na ni vigumu kuamini kwamba huwa ni bahati mbaya.

Kijivu juu ya nyeupe

Utofautishaji wa rangi hupimwa kwa uwiano. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21:1. Maandishi ya kawaida yanatakiwa yafike angalau 4.5:1, makubwa, yaani kuanzia pointi 18, au 14 yakiwa ya kukoleza, yanaruhusiwa 3:1. Mipaka ya visanduku vya fomu na ikoni zenye maana nazo ni 3:1. Jicho halikadirii vizuri hapa: kijivu chenye msimbo wa rangi #767676 juu ya nyeupe kina 4.54:1 na kinapita, #777777 kina 4.48:1 na kinaanguka, na kile cha #999999 kinachopendwa sana kwa maandishi madogo chini ya picha kina 2.85:1 tu. Tumia kikokotoo chochote cha utofautishaji, vipo vingi vya bure.

Kosa hili ndilo linaloongoza duniani. WebAIM, kituo kilichopo Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah nchini Marekani, hukagua kwa programu kurasa za mwanzo za tovuti milioni moja kila mwaka. Mwaka 2019 asilimia 97.8 zilikutwa na makosa ya WCAG. Mwaka 2025 zilikuwa asilimia 94.8. Miaka sita, asilimia tatu. Na makosa karibu yote yanayogunduliwa ni ya aina sita zilezile kila mwaka: utofautishaji hafifu, picha zisizo na maandishi mbadala (maneno ya kuieleza picha kwa asiyeiona), visanduku vya fomu visivyo na lebo, viungo vitupu, vitufe vitupu, na ukurasa usiotaja lugha yake.

Lugha ya ukurasa, kosa letu wenyewe

Hilo la mwisho linawagusa Waswahili kuliko wanavyodhani, na kwetu huja kwa sura mbaya zaidi. Kila ukurasa una mstari wa juu kabisa unaosema umeandikwa kwa lugha gani: `<html lang="sw">` kwa Kiswahili. Violezo vingi huja na `lang="en"`. Msanidi anaweka habari za Kiswahili, anasahau herufi mbili, na kisoma skrini kinaamini kilichoambiwa. Kinasoma Kiswahili kwa kanuni za Kiingereza: «wake» linatamkwa «weik», «pole» linakuwa «poul», «mate» linageuka rafiki wa Mwingereza. Sentensi nzima inakuwa kelele. Programu ya kukagua haitalalamika, maana lugha imetajwa. Imetajwa tu isiyo yenyewe.

Ukaguzi wake ni rahisi. Kwenye kompyuta bonyeza Ctrl na U kuona msimbo wa ukurasa, soma mstari wa pili au wa tatu. Kama ukurasa ni wa Kiswahili na una aya ya Kiingereza au nukuu ya Kiarabu, aya hiyo nayo inatakiwa iwe na `lang` yake. Hiki ni kigezo cha AA. Tovuti ya Kiswahili iliyofanya hivi vizuri inastahili kutajwa kwa jina hadharani.

Sikiliza

Kwenye Windows pakua NVDA, kisoma skrini cha bure kilichoanza kutengenezwa Australia mwaka 2006. Sauti yake ya eSpeak NG inajua Kiswahili. Ni kavu kama redio ya zamani, lakini inaeleweka. Kwenye Android, TalkBack ipo tayari katika sehemu ya ufikivu ya mipangilio. Hakikisha sauti ya Kiswahili imepakuliwa. Kabla hujaiwasha, jifunze namna ya kuizima, kwa sababu mguso mmoja hautabonyeza tena: unatelezesha kidole kulia kwenda kitu kinachofuata, na kugusa mara mbili kukifungua.

Ukiwa na NVDA, bonyeza H mara kadhaa. Utaruka kutoka kichwa hadi kichwa. Asiyeona hasomi ukurasa wote kuanzia nembo. Huupitia kwa vichwa, kama wewe unavyopitisha macho. Ukisikia «hakuna kichwa kinachofuata» kwenye ukurasa ambao macho yanaona vichwa sita, maana yake ni maandishi ya kawaida yaliyokolezwa. Bonyeza K kwa viungo: orodha ya «soma zaidi, soma zaidi, soma zaidi» haina faida kwa mtu yeyote. Bonyeza G kwa picha.

Kwenye picha kuna ujinga wa pande mbili. Upande wa kwanza ni picha isiyo na maandishi mbadala kabisa. Ikiwa ni kiungo, kisoma skrini huishia kusoma jina la faili au anwani, herufi na tarakimu zisizo na kichwa wala miguu. Upande wa pili ni bidii iliyopitiliza: pambo la ua kwenye kona limeelezwa kwa maneno arobaini. Kanuni ni kuuliza picha ipo pale kwa kazi gani. Kama ni kitufe cha kutafuta, andika «Tafuta», usiandike «lenzi». Kama ni grafu, taja inachoonyesha na uweke tarakimu zake kwenye jedwali. Kama ni pambo, acha `alt=""`, tupu kwa makusudi, ili ipitwe kimya. Tupu na kutokuwapo ni vitu viwili tofauti, na hapo ndipo wasanidi wengi huteleza.

Halafu kuna mabango. Tangazo la mkutano, la nafasi za kazi, la kukatika kwa maji, limetengenezwa kama picha moja na kupandishwa hivyo hivyo. Kwa kisoma skrini ni ukurasa mtupu. Pandisha bango, lakini andika maneno yake chini yake. Ndugu yake ni PDF iliyopigwa skani: barua imeandikwa kwa kompyuta, ikachapishwa, ikagongwa muhuri, ikapigwa picha, ikarudishwa kwenye kompyuta. Jaribu kuchagua neno moja ndani yake kwa kipanya. Kama unachagua ukurasa mzima, hiyo ni picha. Ofisi inayotoa nakala ya maandishi pembeni ya ile yenye muhuri imefanya jambo kubwa kwa gharama ndogo sana.

Video: zima sauti uone kama kuna manukuu, na kama yameandikwa na mtu. Manukuu yanayotungwa na mashine hukosea zaidi majina na tarakimu, yaani vitu vilevile ambavyo kiziwi hawezi kuvikisia kwa muktadha. Lugha ya alama ni nyongeza yenye thamani. Ila mkalimani aliyewekwa kwenye kidirisha kidogo kiasi kwamba vidole vyake havionekani amewekwa kwa ajili ya picha.

Fomu ndipo ukweli ulipo

Ukurasa wa mwanzo ndio hupewa mapambo. Fomu ndiyo hupewa mtu wa mwisho aliyebaki ofisini. Kwa hiyo ukiwa na muda wa kupima ukurasa mmoja tu, chagua wa kujisajili au wa kulipa.

Bofya jina la kisanduku, yaani neno lenyewe «Simu» au «Barua pepe». Kielekezi kikiingia kwenye kisanduku, lebo imeunganishwa. Kisipoingia, huenda kisoma skrini kinasema «hariri, tupu» na kumwacha mtu akikisia. Wengine huweka jina ndani ya kisanduku kwa kijivu hafifu. Ukianza kuandika linapotea, na aliyesahau alikuwa anajaza nini inabidi afute.

Kosea makusudi. Acha kisanduku wazi, andika tarehe vibaya, tuma. Ujumbe wa kosa useme ni kisanduku gani na kirekebishwe vipi, ukae jirani nacho, na usitegemee rangi peke yake. «Tafadhali sahihisha sehemu zenye nyekundu» ni fumbo kwa asiyeona na kwa asiyetofautisha nyekundu na kijani. Ulichokwisha kukijaza kisifutike.

Namba za siri za kuthibitisha zina balaa lake. Visanduku sita vya tarakimu moja moja, visivyokubali kubandika, kila kimoja kikisomwa «hariri» bila jina, huku muda ukiyoyoma. Toleo la 2.2 linakataza kumlazimisha mtu kukariri au kunakili kwa mkono bila njia mbadala, kwa hiyo kubandika na vihifadhi vya nywila viruhusiwe. Na kikao, yaani muda unaopewa kubaki ndani ya mfumo, kikikaribia kuisha, vigezo vinataka mtu aonywe na apewe angalau sekunde 20 za kuongeza muda kwa kitendo kimoja chepesi. Kuna mifumo ambayo haina sababu ya kiusalama ya kuwa na muda mfupi, ila tu hakuna aliyewahi kuibadilisha ile namba iliyokuja na programu.

Nembo si ushahidi

Mwaka 1996 shirika la CAST la Marekani lilitoa Bobby, miongoni mwa programu za kwanza za kukagua ufikivu. Ukurasa uliofaulu ukaguzi huo ulibandika nembo yake, na tangu hapo nembo zimezaana. W3C nayo ina nembo za WCAG, lakini mwenye tovuti hujitangazia mwenyewe, W3C haikagui.

Tatizo la alama zinazotolewa na mashine ni kwamba mashine huona uwepo, haioni maana. Inajua picha ina maandishi mbadala, haijui kama yameandikwa «picha1 mpya final». Mwaka 2019 msanidi Manuel Matuzović wa Austria alijenga kwa makusudi ukurasa usiotumika na karibu mtu yeyote, kisha akaupitisha kwenye Lighthouse, kikaguzi cha Google. Ulipata 100 kati ya 100 za ufikivu. Programu kama axe, WAVE na Lighthouse ni za lazima, hukamata makosa ya kijinga kwa sekunde chache; zichukulie kama kikaguzi cha tahajia, ambacho hakijui kama barua ina mantiki.

Kibaya zaidi ni kile kidubwasha chenye alama ya mtu ndani ya duara kinachoelea kwenye kona. Ukikibofya kinatoa orodha: kuza maandishi, badilisha rangi, soma kwa sauti. Mwenye uoni hafifu tayari ana ukuzaji wake kwenye simu, na asiyeona tayari ana kisoma skrini. Bila hicho asingefika hata kwenye tovuti. Kidubwasha hakiwezi kujua picha yako inaonyesha nini wala `<div>` yako ilikusudiwa kuwa nini. Wakati mwingine hugombana na kisoma skrini cha mtu. Januari 2025 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza hatua dhidi ya accessiBe, kampuni inayouza kidubwasha cha namna hii, kwa kudai kwamba bidhaa yake huifanya tovuti yoyote itimize WCAG, na ikatakiwa ilipe dola milioni 1.

Alama inayoaminika ni nyenyekevu: ukurasa wa taarifa ya ufikivu. Usome. Ukisema tovuti imetimiza kila kitu kwa asilimia mia, weka shaka. Ukisema kwamba kalenda ya kuchagua tarehe haijafanya kazi kwa kibodi, kwamba PDF za miaka ya nyuma ni za skani na atakayehitaji apige namba fulani, ukiwa na tarehe ya ukaguzi na namna ulivyofanyika, hao wamejipima kweli.

Kutia moyo, na kubana

Sifa ndogo ina nguvu kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu ya jinsi ufikivu unavyokufa. Tovuti inasukwa upya kila baada ya miaka michache, mkandarasi mpya anakuja na kiolezo kipya, na chochote ambacho hakuna aliyekitaja kwenye orodha ya mahitaji kinatupwa pamoja na rangi za zamani. Kama hakuna barua hata moja inayosema manukuu yanatumika, manukuu ni gharama isiyo na mwenyewe. Andika basi, na uwe mahususi: «Nikikosea kwenye fomu yenu ya maombi, ujumbe unasomwa palepale na nilichokijaza hakifutiki. Tafadhali msikiondoe kitu hiki mkibadilisha tovuti.» Sentensi mbili hizo humpa msanidi silaha kwenye kikao cha bajeti. «Hongereni kwa tovuti nzuri» haimpi kitu.

Lalamiko nalo liwe la namna hiyo: anwani ya ukurasa, kifaa na programu unayotumia, ulichotaka kufanya, kilichotokea, na kama kinatokea kila mara. Ongeza kigezo kama unakijua. Msanidi akiweza kulirudia kosa mezani kwake, nusu ya kazi imekwisha.

Anayenunua tovuti ana nguvu kuliko jaji yeyote. Neno «iwe rafiki kwa wote» kwenye zabuni halimfungi mtu. Andika hivi: kurasa na nyaraka zote zitimize WCAG 2.2 ngazi ya AA. Mzabuni awasilishe matokeo ya majaribio ya kibodi, NVDA na TalkBack kwa safari zilizotajwa, kwa mfano kujisajili, kutafuta, kulipa, kupakua fomu, kuwasiliana. Kasoro za ngazi A na AA zirekebishwe kabla ya malipo ya mwisho. Bila hicho kifungu cha malipo vingine vyote ni mashairi. Kwa wanaotumia WordPress, anza na kiolezo chenye lebo ya `accessibility-ready` kwenye hazina yake rasmi. Violezo hivyo hupitiwa na watu kabla ya kuruhusiwa kubeba lebo hiyo. Kukirekebisha kiolezo kimoja kunarekebisha kila tovuti inayokitumia.

Sheria ipo nyuma ya pazia. Ibara ya 9 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu inaitaja intaneti kwa jina. Kenya na Uganda ziliuridhia mwaka 2008, Tanzania 2009. Kenya ilitoa kiwango chake cha ufikivu wa bidhaa na huduma za TEHAMA, KS 2952, mwaka 2022. Sheria ya Ufikivu ya Ulaya iliyoanza kutumika tarehe 28 Juni 2025 inazigusa pia biashara za mtandaoni zinazouza kwa wateja wa Umoja wa Ulaya, zile ndogo kabisa zikiachwa nje. Na mfano wa zamani bado unafundisha: mwaka 1999 Bruce Maguire, Mwaustralia asiyeona, alilalamikia tovuti ya Olimpiki ya Sydney 2000. Kamati ya maandalizi ilijitetea kwamba marekebisho ni mzigo mkubwa mno. Ilishindwa, haikutekeleza ipasavyo ilichoamriwa, ikaamuliwa imlipe dola 20,000 za Australia.

Mashindano yana nafasi yake yakiundwa vizuri. Shirika la Knowbility la Austin, Texas, limeendesha kwa miaka mingi shindano lililoanza mwaka 1998: timu za wasanidi hupewa mafunzo, kisha kila moja hujengea shirika lisilo la faida tovuti fikivu, na kazi hizo hupimwa kwa ufikivu wake. Hata asiyeshinda anaacha tovuti inayotumika. Siku ya Dunia ya Uelewa wa Ufikivu, Alhamisi ya tatu ya Mei, iliyoanza mwaka 2012, ni tarehe nzuri ya kutangaza matokeo ya shindano kama hilo.

Anayetaka kuanzisha lake Dodoma, Mombasa au Kampala asipime kurasa za mwanzo. Achague safari tano na awape wapimaji wenye vifaa vyao wenyewe: asiyeona, mwenye uoni hafifu anayekuza, asiyetumia kipanya, kiziwi, na mtu anayepata shida kusoma. Walipwe kama wataalamu wengine; nauli na soda si malipo. Nusu ya alama ziende kwenye safari zilizokamilika bila msaada, zilizobaki zigawanywe kati ya majaribio ya kibodi na ukuzaji, nyaraka na video, na kasi ya kujibu kasoro iliyoripotiwa. Kosa la ngazi A linalokatisha safari liondoe ushindi moja kwa moja. Tovuti ndogo za shule na vikundi ziwe na kundi lao, la sivyo benki zitachukua kila kitu.

Na alama ya ushindi ibebe tarehe, toleo la WCAG, majina ya safari zilizopimwa na kiungo cha matokeo kamili, yakiwamo yaliyoanguka. Iwe kama stika ya bima ya gari: baada ya miezi 12 tovuti ipimwe tena, au alama ibanduliwe.